Takhmisi ya Angani

Washairi wa pwani yetu wanayo bahari moja ya utungaji iitwayo takhmisi. Mshairi huchukua utungo wa aliyemtangulia, wenye mishororo miwili katika kila ubeti, akatunga mishororo mitatu mipya na kuiweka mbele ya ile ya kale, ubeti ukatimia mitano. Masharti yake ni mawili tu, lakini ni mazito. La kwanza, maneno ya aliyetangulia hayaguswi. Yabaki kama alivyoyaacha mwenyewe. La pili, mishororo mipya sharti ifuate kina cha ule wa kale inaoupokea, ili msikilizaji asikie sauti moja, si mbili zinazogombana. Moja ya nyimbo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo imetufikia kwa njia hiyo, imebebwa ndani ya takhmisi ya mtu aliyeishi baada yake sana. Lau mtu huyo asingeupenda wimbo ule kiasi cha kutaka kuuongezea, pengine leo tusingekuwa nao.

Nimeanza na takhmisi ingawa ninalotaka kulizungumza ni jambo ambalo wengi wataona halina udugu nayo: namna tamthilia moja ya televisheni ya bunilizi za kisayansi, zile za vyombo vya angani na sayari za mbali, inavyoitaja nyingine, inavyoiazima na inavyoijibu. Kwa miaka mingi nimewasikia watu wenye elimu wakilisema jambo hili kwa dharau: huyu kamwibia yule, hiki ni kivuli cha kile. Nami, mtunzi wa mashairi na mfasiri niliyeishia darasa la saba, naona kwamba sisi tulio na takhmisi ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kulielewa. Naona pia kwamba katika mlolongo huo wa kuazimana imo mishororo iliyo yetu, nasi tumekaa kimya kama mgeni asikiaye jina lake likitajwa barazani asijue kama anaitwa au anasengenywa.

Tamthilia hizi nilizijua Korogwe, si sebuleni bali kibandani. Zanzibar ilipata televisheni yake mapema katika miaka ya 1970, tena ya rangi. Sisi wa Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya kwanza vya watu binafsi viliporusha matangazo Dar es Salaam, na hata hapo mawimbi yao yalichukua muda kutufikia. Katika miaka hiyo, aliyetaka kuona picha alikwenda Manundu, akatoa shilingi zake mlangoni, akaketi juu ya benchi mbele ya televisheni moja na deki moja, jenereta ikinguruma nyuma ya turubai. Baadaye vijana waliviita vibanda hivyo vibanda umiza, na kwa hakika jina lilistahili, kwani mtu alitoka na mgongo uliokufa ganzi na macho mekundu. Kanda nyingi zilikuwa za ngumi za Hong Kong na za mapenzi ya Kihindi. Lakini mara moja moja, ndani ya furushi lililotoka Tanga, ilitokea kanda ya Star Trek, na mwenye kibanda alituma mtoto kuniita. Ilijulikana kwamba nasoma Kiingereza, nilichojifunza kwa kamusi chakavu na kwa magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Nilisimama kando ya televisheni nikafasiri kwa sauti kuu, nikiishinda jenereta.

Kazi hiyo baadaye ikawa fani kamili. Katika miaka ya 2000 filamu za kutafsiriwa zilienea nchini kote, na sauti ya Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ikajulikana hata kwa watu wasiomjua kwa sura. Yeye na wenzake hawakufasiri tu. Walieleza, wakatania, wakaongeza, wakaisogeza hadithi ya ugenini hadi ikakaa mkekani pamoja na watazamaji. Wapo waliowalaumu kwa kuongeza. Mimi sikuwalaumu, kwa sababu nilijua swali linalomkabili mtu asimamaye pale. Mhusika anasema neno, wenzake katika picha wanacheka, na kibanda kizima kinakugeukia: "Wanacheka nini?" Aghalabu jibu lilikuwa kwamba wanacheka kwa sababu neno lile lilisemwa katika tamthilia nyingine, miaka ishirini au thelathini nyuma. Asiyeujua mshororo wa kale hawezi kuusikia mpya. Ndipo nilipoanza kuitafuta mishororo ya kale.

Nitatoa mfano mmoja kwa ukamilifu wake. Mwezi Desemba mwaka 1967, Star Trek ilionyesha kipande kilichoandikwa na David Gerrold, "The Trouble with Tribbles". Ndani yake mna viumbe vidogo vya manyoya, wapole, wanaoguruma kama paka aliyeshiba, ambao kila wakilishwa huzaa, na kila wakizaa huzaa zaidi, hadi chombo cha Enterprise kikafurika. Kabla kipande hakijaonyeshwa ilibainika kwamba viumbe hao wanafanana mno na paka bapa waliomo katika riwaya ya Robert Heinlein ya mwaka 1952, The Rolling Stones. Heinlein alipoulizwa aliridhia, kwa kuwa alijua kwamba yeye mwenyewe alikuwa na deni kwa Ellis Parker Butler, aliyeandika mwaka 1905 hadithi ya karani wa stesheni ya reli anayebishana juu ya nauli ya wanyama wawili wadogo wa kufugwa, huku wanyama wakizaliana ndani ya stesheni hadi hapana pa kukanyaga. Sisi wa Korogwe, watu wa mji wa reli tuliozijua stoo za mizigo na makarani wake, hadithi hiyo haihitaji kufasiriwa. Basi tazama: utani wa stesheni ukageuka riwaya ya angani, riwaya ikageuka tamthilia, na katika safari yote hiyo aliyeulizwa alijibu kwa ungwana kwamba yeye naye alikopa.

Safari haikukoma hapo. Mwaka 1996, tamthilia ya Deep Space Nine, mtoto wa Star Trek, ilitaka kuadhimisha miaka thelathini ya mzazi wake. Watengenezaji wake walichukua picha zile zile za mwaka 1967 wakawaingiza humo wahusika wao, wakivaa mavazi ya kale na kutembea katika korido za kale, hata Nahodha Benjamin Sisko, aliyeigizwa na Avery Brooks, akasimama mbele ya Nahodha Kirk na kuzungumza naye. Maneno ya Kirk hayakuguswa. Mapya yalitungwa kuyazunguka, kwa kina chake. Hiyo ni takhmisi kwa masharti yake yote mawili, nami sijui jina jingine la kuiita.

Lakini takhmisi njema haiongezi urefu tu. Hubadilisha maana ya mishororo iliyopokelewa, bila kuigusa. Katika Enterprise ya mwaka 1967 nahodha ni mzungu, na Mwafrika anakaa mgongoni pake, kifaa sikioni, akipokea na kupeleka salamu. Mwaka 1996 anaingia humo nahodha mweusi mwenye chombo chake, na hakuna anayeshtuka. Picha ya kale ni ile ile, ila jicho la mtazamaji si lile lile. Wengine hujibu kwa sura ya mwigizaji. Katika Babylon 5, iliyoanza mwaka 1993, Walter Koenig, ambaye katika Star Trek alikuwa kijana mchangamfu Chekov, aligeuzwa kuwa Bester, askari katili apekuaye mawazo ya watu. Aliyemzoea kwa wema akamwogopa mara mbili. The Orville, iliyoanza mwaka 2017, iliazima zaidi ya wote, hata mikono yenyewe: Jonathan Frakes wa Star Trek aliongoza baadhi ya vipande vyake, na Penny Johnson Jerald aliyekuwa Deep Space Nine akawa daktari wa chombo chake. Mwanzo iliitwa mwigo. Mimi niliiona kama mwanafunzi anakilishaye beti za mwalimu wake mpaka mkono wake ukapata mwandiko.

Sasa nije kwa yule mwanamke aliyekaa mgongoni pa nahodha, kwa kuwa hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la wengine.

Jina lake ni Uhura. Aliyemwigiza, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark, Uhuru, iliyotoka mwaka 1962. Neno likawapendeza waliomwajiri, ila likaonekana gumu kwa jina la mwanamke, likalainishwa mwishoni. Tufikiri kidogo. Tanganyika ilipata uhuru wake Desemba 1961 na Kenya Desemba 1963. Ruark aliandika kuhusu Kenya kwa jicho la walowezi, si kwa jicho la waliokuwa wakilipigia kelele neno hilo viwanjani. Likapita katika mikono hiyo isiyolipenda, na tarehe 8 Septemba 1966 likaingia katika televisheni za Marekani likiwa jina la binti anayesafiri kati ya nyota. Desemba ya mwaka huo huo Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa kwa kanuni saba zenye majina ya Kiswahili. Lugha yetu ilikuwa njiani, ikienda mahali ambapo wengi wetu hatukualikwa.

Mtu wa sarufi atasema kwamba uhura si neno. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke kwa irabu ya mwisho. Hiyo ni desturi ya lugha nyingine. Ni kweli. Lakini mshairi hutazama mbali kidogo kuliko mtu wa sarufi. Neno uhuru lenyewe ni takhmisi: shina lake ni la Kiarabu, kiambishi chake ni cha Kibantu, na kwa kina wameelewana. Na katika Kiarabu mwanamke aliye huru huitwa hurra. Ndilo lakabu alilopewa Malkia Arwa wa Yemen, aliyefariki mwaka 1138. Watu wa studio waliobadilisha irabu ili jina liwe laini, bila kujua walilirudisha karibu na neno la kale la mwanamke asiyemilikiwa. Lugha ina kumbukumbu hata pale wasemaji wake hawana. Jina lake la kwanza, Nyota, lilikuja baadaye, katika vitabu vya miaka ya 1980, na likasikika katika filamu mwaka 2009.

Katika kipande kile cha kwanza kabisa cha mwaka 1966, "The Man Trap", Kiswahili chenyewe kinasikika. Kuna kiumbe kinachojigeuza sura na kuwanyonya watu chumvi ya mwilini. Kinamjia Uhura kwa sura ya mwanamume mweusi wa ndoto yake, na kinamzungumza kwa Kiswahili. Nilipokifasiri kipande hicho pale Manundu, sikuhitaji kueleza kiumbe ni nini. Sauti moja kutoka nyuma ilisema, "Mumiani huyo," na kibanda kikatulia. Yule aliyesema alifanya kazi ya mshairi: alipokea mshororo wa ugenini akautilia kina cha kwao.

Kipande kilichonishughulisha zaidi ni cha Septemba 1967, "The Changeling". Mashine iitwayo Nomad, iliyorushwa kutoka duniani zamani ikagongana na nyingine angani ikapotoka akili, inaingia katika Enterprise. Inamsikia Uhura akiimba. Haielewi wimbo ni kitu gani, wala wimbo una faida gani. Inamchunguza, na katika kumchunguza inafuta yote aliyoyajua. Baadaye tunamwona yu kitandani mwa hospitali ya chombo, mwuguzi akimfundisha kusoma Kiingereza upya. Anafika kwenye neno la rangi ya buluu na kulisoma kwa kutamka kila irabu iliyoandikwa, kama tungelisoma sisi. Anasahihishwa. Anakasirika, na katika hasira hiyo anasema Kiswahili. Mwuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza.

Hadithi yenyewe haielezi ni kwa vipi mashine iliyofuta kila kitu ilikiacha Kiswahili. Pengine waandishi hawakulifikiria. Walitaka tu kionjo, sauti ya mbali, kama mtu anayeweka kinyago cha Kimakonde juu ya kabati. Hiyo ndiyo azima isiyo na kina: kitu cha mwenzio kimewekwa palipoonekana pazuri, lakini hakikupokewa.

Ilichukua miaka hamsini na mitano kupokewa. Mwaka 2022 ilianza Strange New Worlds, inayosimulia Enterprise kabla ya Kirk, na Uhura akaigizwa na Celia Rose Gooding. Hapa Uhura ametokea Kenya, naye ni mwanafunzi wa lugha nyingi asiye na uhakika kama mahali pake ni hapo. Katika kipande cha pili, "Children of the Comet", chombo kinakutana na nyota yenye mkia inayokaribia kuiangamiza sayari moja, na ndani yake mna mtambo usiojibu lugha yoyote. Uhura anaimba taratibu kwa puani, kama mtu afanyaye kazi yake, na mtambo unajibu. Mlango unafunguka kwa wimbo.

Sikumsikia yeyote wa Manundu akiuliza wanacheka nini, kwa maana hapakuwa na kicheko. Lakini mimi niliyekuwa na mshororo wa kale kichwani niliketi wima. Mwaka 1967 mwanamke huyu aliimba, na mashine isiyoelewa wimbo ikamfuta. Mwaka 2022 mwanamke huyo huyo anaimba, na mtambo unaoelewa wimbo unamjibu. Kama waandishi walikusudia au hawakukusudia, hilo si muhimu kwangu, kina kimekaa. Tamthilia ya pili haikuikosoa ya kwanza wala haikuitangaza. Iliipokea pale ilipoachia, ikaitungia mishororo iliyopungua.

Mwaka uliofuata, vijana wa Handeni wenye projekta na kitambaa cheupe waliniomba niende kuwafasiria vipande hivyo viwili kwa usiku mmoja, kimoja baada ya kingine. Nilipanda basi kutoka Korogwe, nikapita Segera na Mkata, na njiani nilikuwa na fumbo ambalo sijawahi kuliona katika kitabu chochote cha ufasiri. Nitakifasirije Kiswahili kwa Waswahili? Iwapo wahusika wote wanasema Kiswahili kwa mdomo wangu, basi pale Uhura anapokirudia Kiswahili chake hakuna kinachobadilika. Mshono mzima wa tukio unapotea. Ningeweza kuwageuza, yeye aseme Kiingereza na mwuguzi amrudishe kwenye Kiswahili, lakini hapo ningemfanya mwana wa Afrika aliyefutwa kila kitu abakiwe na Kiingereza moyoni, jambo ambalo ulimi wangu ulikataa. Nikaamua kwamba Uhura atasema Kizigua, ambacho nimekisikia tangu utotoni kwa watu wa upande wa mama.

Ilipofika hapo, mwuguzi akamwambia kwa sauti yangu, "Hapana, sema Kiswahili," uwanja uliingia kimya. Nilitarajia kicheko. Halafu nikaelewa. Waliokuwa wameketi pale, wengi wao walikwisha kuambiwa neno hilo hilo, kwa sauti hiyo hiyo ya upole, siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Wengine waliambiwa kwa fimbo. Kiswahili, ambacho angani kilikuwa mtoto aliyefutwa, Handeni kilikuwa kimevaa joho la mwuguzi. Sisi tunaoandika katika kurasa kama hizi tumezoea kukitetea Kiswahili mbele ya Kiingereza, na tuna haki. Lakini lugha inayolalamika kwamba imeazimwa bila heshima inapaswa kujiuliza yenyewe inazipokeaje zile zinazoilisha.

Miongoni mwa waliokuwepo alikuwa mama mmoja mtu mzima kutoka Chogo. Msomaji asiyeijua Chogo na aambiwe. Katika karne ya 19 Wazigua wengi, wakikimbia njaa na kuangukia katika biashara ya watumwa, walichukuliwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Waliojikomboa walijenga vijiji kando ya mto Juba, na huko, kwa zaidi ya miaka mia moja, wakaishi na lugha yao. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapokewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo katika wilaya hiyo hiyo, nchi ambayo mababu zao waliiacha. Walikuta majirani wanaowaelewa. Wengine wa jamaa zao walikuwa kambini Kenya, na kutoka kundi hilo Marekani ilikubali kuwapokea takriban watu 12,000, wa kwanza wakiwasili mwaka huo huo wa 2003. Hivyo Kizigua kinasemwa leo katika miji ya nchi ile ile iliyomtunga Uhura.

Nilimwamkia yule mama shikamoo, akaitikia, kisha akaniambia: "Mwanangu, ile mashine haikufuta kila kitu. Ilifuta ya shule. Ya nyumbani ilishindwa." Akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba bibi yake kule Juba alikuwa akiwaambia watoto wasilale kabla ya kusema japo neno moja la kwao. Sijasoma uhakiki wa "The Changeling" unaofikia maneno hayo. Jambo ambalo waandishi wa mwaka 1967 waliliweka kwa pambo tu, mama wa Chogo aliliona kuwa ndilo hadithi yenyewe. Alilisoma hivyo kwa sababu maisha yake yalikuwa na kina hicho.

Kijana mmoja wa sekondari alinisindikiza hadi nilipolala. Alikuwa na akili, na alikuwa na uchungu. "Mwalimu," aliniambia, "hizi si zetu. Wao wanaazimana wao kwa wao kwa sababu ni wa nyumba moja. Sisi tunaangalia dirishani." Swali lake ni la haki, nami sitaki kulijibu kwa kumpapasa kichwa.

Nilimjibu kwanza kwamba nyumba yetu ipo, na chumba hicho kimo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, katika mkoa huu huu wa Tanga, alitoa mwaka 1951 kitabu cha Kusadikika, na Kusadikika ni nchi iliyoko angani, isiyogusa ardhi, yenye kesi inayomweka hatarini mtu aliyetaka kuiongoza kwenye mema. Miaka arobaini na minne baadaye, mwaka 1995, Katama Mkangi wa Kenya, aliyepata kutiwa kizuizini na serikali ya nchi yake, alitoa Walenisi: mtu aliyehukumiwa anatiwa ndani ya chombo cha angani ili afe, na badala ya kufa anafika katika sayari ya watu walio huru. Jina la sayari hiyo ukilikata vizuri linasema wale ni sisi. Mimi nikivisoma viwili hivyo kwa kufuatana nasikia ubeti mmoja. Wa kwanza unauliza kama mwenye haki anaweza kuokoka mbele ya baraza la wenye nguvu; wa pili unaipokea hukumu na kumpa aliyehukumiwa mahali pa kwenda. Vitabu hivyo viwili vilisubiri nini ili viitwe bunilizi za angani? Vilisubiri sisi tuache kudhani kwamba anga ina mwenyewe.

Nilimwambia pia jambo la pili, ambalo ndilo zito. Kuazimana si haki ya wa nyumba moja. Gerrold, Heinlein na Butler hawakuwa ndugu, walikuwa wasomaji. Undugu ulikuja baadaye, kwa kukiri. Neno uhuru limekwisha kutajwa, na nyota limekwisha kutajwa. Katika desturi yetu mshairi akitajwa katika shairi la mwenziwe hutakiwa kujibu. Ndivyo walivyofanya Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu, hata miji yao ilipokuwa karibu kupigana, na ndivyo walivyofanya washairi wa gazeti la Mambo Leo tangu miaka ya 1920. Anayetajwa akanyamaza huhesabiwa kuwa ameshindwa, au kwamba hakusikia. Sisi tulisikia.

Kijana hakusema kama ameridhika. Aliuliza tu kama Uhura, katika hadithi hizo zote, amewahi kufika nyumbani. Nilifikiri kwa muda. Nimeziona nyingi, na humo anatajwa kuwa wa Afrika, baadaye wa Kenya. Lugha yake inasikika, wimbo wake unafungua milango. Lakini tukio la Uhura akiwa amekaa kibarazani kwao, akiamkiana na wakubwa zake, akielezwa nani kafa na nani kaoa, mimi sijaliona. Nikamwambia hivyo. "Basi hapo," akasema, "ndipo nafasi ilipo."

Sina la kuongeza juu ya neno lake, ila kulipima kwa masharti niliyoyataja mwanzoni. Anayetaka kuitunga safari hiyo ya nyumbani hatakiwi kuyagusa ya zamani, wala kuyaonea haya, wala kuyalalamikia kwamba hayakututendea vema. Ayaache yalivyo, hata yale ya mwaka 1967 yasiyo na kina. Atafute sauti inayoishia pale yanapoanzia. Na aitafute katika lugha zote alizonazo, ile aliyofundishwa shuleni na ile iliyomshinda Nomad.